Kabla hujauliza "ninunue kamera gani", kafungue kwanza picha zako zilizoharibika

#1 Shatabovu

Wakuu habari za muda huu.

Kila baada ya siku kadhaa naona mtu anauliza, mimi ndo naanza, ninunue kamera gani? Majibu ni yale yale, huyu anasema Canon, yule anasema Sony, wa tatu anamwambia kaa na simu yako, halafu wanaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe na mwenye swali keshaondoka zake. Nimeona nilete uzi mmoja mrefu, mwenye kiporo cha muda asome, mwenye haraka apite.

Nianze na ujinga wangu. Kamera yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ful fremu, zile zenye sensa kubwa (sensa ndo kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga). Sikujua hata ISO ni nini ila hela ilikuwepo na jamaa akanijaza, "nunua kubwa moja kwa moja usije ukanunua mara mbili", nikaona ana akili sana. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ikala bajeti karibu yote, lenzi nikachukua hiyo hiyo iliyokuja kwenye boksi, nikaiweka kwenye oto na ikakaa kwenye oto miezi nane.

Ikafika bethdei ya mtoto wa dada yangu. Jioni, sebuleni, taa moja ya juu na mishumaa ya keki. Nimepiga picha 140, nakumbuka kwa sababu nilizihesabu kwa hasira, zilizokuwa sawa hazifiki kumi. Mtoto anapuliza mishumaa uso umekuwa kama umechorwa na kidole kwenye kioo chenye mvuke. Dada akachukua simu ya shemeji akanionesha, "hii mbona imetoka?" Aisee. Nikasema kamera ni mbovu, nimeuziwa kimeo.

Mwaka mzima baadae ndo nikaja kufungua taarifa za ile picha, zile ambazo kamera inaziandika ndani ya faili kila ukibonyeza. Zilikuwa hivi: shata 1/15 (sehemu ya sekunde ambayo kamera inabaki wazi), apecha f/5.6 (upana wa tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni pana), ISO 3200 (kamera inavyoukuza mwanga ulioingia), lenzi imevutwa hadi milimita 70.

Sasa tuisome pamoja hapo. Kwa lenzi ya 70 ukishika kwa mkono unatakiwa uwe angalau 1/70 ndo mtikisiko wa mkono wako usionekane, mimi niko 1/15. Hiyo ni mikono tu, bado mtoto, mtoto anayepuliza mishumaa hatulii, ukitaka asimame kwenye picha nenda 1/250 huko. Kamera haikuwa na kosa, ilifungua tundu la lenzi hadi mwisho wake f/5.6, ikapandisha ISO hadi kikomo ilichowekewa, mwanga bado hautoshi, ikabaki na kitu kimoja tu cha kufanya ambacho ni kuchelewesha shata. Kama pale ningekuwa na lenzi ndogo ya plastiki ya f/1.8, ingeingiza mwanga karibu mara kumi ya ile f/5.6, ile 1/15 ingekuwa kama 1/150. Ningepandisha ISO hadi 6400 ningepata 1/300 na mtoto angetulia mwenyewe. Bodi ile ile! Hata bodi ndogo kuliko ile! Na simu ya shemeji ilifaulu kwa sababu hiyo hiyo, kamera kuu za simu nyingi lenzi zake ziko kwenye f/1.8 hivi, halafu simu inapiga picha kadhaa kimya kimya na kuziunganisha kuwa moja.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Watu wanapanga ngazi za ujuzi kwa kamera, kuna ya wanaoanza, ya wa kati, ya mafundi. Mimi nazipanga kwa swali moja, ukiangalia picha yako iliyoharibika unaweza kusema kilichoiharibu? Kama huwezi, hakuna bodi itakayokusaidia kwa sababu hata ukinunua hutajua imekuongezea nini. Huyo mtu namwambia achukue kamera yoyote inayokubali kubadilisha lenzi na kuendeshwa kwa mkono, hata ya miaka kumi nyuma. Nikon D3500 ya 2018 ina modi ya mwongozo inayokuelekeza hatua kwa hatua kwenye skrini na chaji moja inapiga picha 1,550 kwa kipimo cha kiwandani. Canon 200D ya 2017 ina skrini ya kugusa inayogeuka. Zote ni kamera za zamani sasa hivi, na kwenye picha ya karatasi hakuna atakayejua. Hela inayobaki nunua lenzi ya f/1.8. Nasema tena, hela inayobaki nunua lenzi.

Ukishaanza kusema mwenyewe "hapa shata ilikuwa ndogo, hapa fokasi (pale picha inapotoka kali) imeshika ukuta wa nyuma", umeshapanda. Na utajijua kwa vidole. Hizi kamera ndogo nyingi zina gurudumu moja tu la kuzungusha, ukiwa kwenye manyuo, yaani unapanga kila kitu mwenyewe, unazungusha kupata shata, ukitaka apecha ushikilie kitufe kingine ndo uzungushe tena, mwanzoni huoni shida, ukizoea inakera kama kiatu chenye kokoto. Hapo ndo bodi yenye magurudumu mawili inakuwa na maana, na kitundu kikubwa cha kuchungulia, na otofokasi inayomfuata mtu machoni. Si kabla.

Wanaolipwa siwasemi sana, wanajijua. Harusi ya watu hupigi na kamera yenye tundu moja la memori kadi, kadi ikifa utaelezea nini? Kwao tundu la pili si urembo.

Ful fremu yenyewe ni nzuri, nisieleweke vibaya, sensa yake ni milimita 36 kwa 24, ile ya APS-C, sensa ya hizi kamera ndogo, ni kama 23.5 kwa 15.6, yaani eneo linazidi mara mbili na kitu. Inachokupa ni chenga (zile chembechembe kwenye picha) kupungua kama hatua moja na kidogo ya ISO, hatua moja ni mwanga mara mbili, na nyuma kufutika kirahisi zaidi. Hatua moja. Lenzi ya f/1.8 dhidi ya ile ya boksi inakupa hatua tatu na zaidi. Piga hesabu mwenyewe.

Zoezi kabla hujauliza swali lako: chukua picha zako 50 mbovu, usichague, fungua taarifa zake moja moja, andika kilichoharibu. Njoo nazo hapa.

#2 kitimbele

Nimekaa siti ya mbele, wajuzi endeleeni.

#3 Mgeni_wa_lenzi

Mkuu uzi mzuri ila kuna kitu hakiniingii. Simu yangu ni megapikseli 108, hiyo D3500 unayoisifia ni 24. Sasa nitoke 108 niende 24 nikiwa na akili timamu?

#4 Shatabovu

@Mgeni_wa_lenzi hahaha swali la haki kabisa. Hizo 108, yaani vidoti milioni 108, ukiwa kwenye hali ya kawaida simu inachukua vidoti tisa inavifanya kimoja, 108 gawa kwa 9 unapata 12, ndo picha unayoipata. Inafanya hivyo kwa sababu kila kidoti ni kidogo mno, peke yake hakikusanyi mwanga wa kutosha, hasa usiku.

24 ni 6000 kwa 4000. Ukichapa kwa ule ubora wa magazeti mazuri, vidoti 300 kwa inchi, unapata karatasi ya inchi 20 kwa 13. TV ya 4K yenyewe haifiki hata megapikseli 9. Umeshawahi kuchapa picha kubwa kuliko hiyo? Kamera ya kwanza ya dijitali, ile Steven Sasson aliyoiunda pale Kodak 1975, ilikuwa na megapikseli 0.01 na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Tangu pale namba imepanda, ilishatosha zamani, sasa hivi imebaki ya kuuzia tu.

#5 BodiKubwa

Napingana na mleta uzi na naomba nisishambuliwe.

Wewe ulinunua ful fremu ukaiweka kwenye oto miezi nane, hilo ni kosa lako, si la ful fremu. Mimi nilianza na ndogo kwa ushauri kama huu huu wako, nikanunua lenzi mbili za APS-C, baada ya mwaka na nusu nikahamia ful fremu na zile lenzi zote hazifuniki sensa, picha inakuwa na duara jeusi pembeni au kamera inakata yenyewe unabaki na kipande cha katikati. Nikauza kwa hasara. Kama ningeanza kubwa ningekuwa na lenzi zangu mpaka leo. Ushauri wa "anza ndogo" una gharama yake na hamuisemi.

#6 Shatabovu

@BodiKubwa sikushambulii, umesema kitu ambacho nilikiruka na ni kweli. Bodi utaibadilisha, lenzi utabaki nazo, kwa hiyo hata anayeanza aangalie kwanza anaingia ukoo gani kabla hajaangalia bodi. Canon walikaa na ule mfungo wa EF (mfungo ni pale lenzi inapofungwa kwenye bodi) toka 1987 ndo maana mtumba wake umejaa kila kona, 2018 wakaleta RF na Nikon mwaka huo huo wakaleta Z, na zile za zamani zinavaa kwenye mpya kwa kutumia adapta. Kwa hiyo ile 50 ya f/1.8 ya EF inavaa APS-C leo, inavaa ful fremu kesho, na kwa adapta inavaa hizi kamera mpya zisizo na kioo ndani (mirrorless) kesho kutwa.

Ila nikuulize, ule mwaka na nusu na kamera ndogo ulijifunza kitu au hukujifunza? Maana ulihama ukijua kwa nini unahama. Mimi nilifika huko kabla yako na nilikuwa kipofu.

#7 BodiKubwa

Nilijifunza. Haya, tuseme nusu kwa nusu.

#8 mama_ndege

Mimi mnaniacha njiani wote wawili. Napiga ndege. Wa kuruka, si wa abiria. Sijui shata, sijui nini, nimeanza nikiwa mtu mzima na wajukuu, na kijana mmoja wa dukani alitaka kunifungia kamera yenye lenzi mbili kwenye begi kubwa nikamwambia mwanangu mgongo huu unauona? Nikachukua ile yenye zumu ndefu ya kujitegemea, lenzi haitoki. Ndege yuko juu ya mti huko mbali namvuta mpaka namuona mboni ya jicho. Sasa kwa ngazi zako hizo za ujuzi mimi ningeambiwa nichukue kamera ya kubadilisha lenzi na kalenzi ka f/1.8, ningempiga ndege gani na hako?

#9 Shatabovu

Shikamoo mama. Umenipiga na nimepigika.

Kweli kabisa, unachopiga kinakuja kabla ya ujuzi. Kwa wasiozijua, hizi kamera zinavuta kweli, Nikon P1000 kwa mfano inaanzia milimita 24 inaenda hadi 3000 kwa kipimo cha ful fremu, na ukitaka kufika karibu ya hapo kwa kamera ya kubadilisha lenzi unabeba bomba. Siri yake ni sensa ndogo, ile ile saizi ya kamera za mfukoni, ndo maana lenzi inaweza kuwa fupi. Malipo yake unayaona jua likizama, si ndiyo mama? Kule mwisho kabisa tundu linabaki f/8.

#10 mama_ndege

Marahaba mwanangu. Jua likizama narudi nyumbani, na ndege nao wanalala. Hatudaiani.

#11 chenga_tupu

😂😂😂 mama kamaliza uzi.

Niulize tu video kidogo, mimi nataka kurekodi nikijiongelesha, kuna tofauti na picha?

#12 Shatabovu

Ipo. Skrini igeuke ikutazame, tundu la maiki ya nje liwepo (hili watu wanasahau, watu watavumilia picha mbaya ila sauti mbaya wanafunga), otofokasi isiwe inawinda mbele nyuma ukisogea. Na usinunue DSLR (kamera zenye kioo ndani) ya zamani kwa video, nyingi zikiwa kwenye skrini otofokasi yake inasinzia. 200D haina tatizo hilo. Zaidi ya hapo fungua uzi wako, video ni shamba lingine.

#13 Fundi_kimya

Nimesoma kote, mmesema nunua mtumba halafu hamjasema mtumba unanunuliwaje, mnawapeleka watu machinjioni.

Nenda na memori kadi yako, usitumie ya muuzaji. Piga picha moja, kaa nayo, ukifika nyumbani ipakie kwenye zile tovuti zinazosoma idadi ya shata, yaani kamera imeshapiga mara ngapi. Nikon wanaiandika ndani ya faili, kwa Canon nyingi haimo humo, inabidi uchomeke kamera kwenye kompyuta yenye programu ya kuisoma. Bodi ndogo nyingi shata yake imepimwa kufika 100,000, ikipita haifi siku hiyo hiyo lakini bei ishuke.

Lenzi ivue. Ifungue apecha, washa tochi ya simu upande wa nyuma, chungulia kwa mbele kwa pembeni. Vumbi mbili tatu kawaida, usibabaike. Ukiona kitu kama nyuzi za buibui au mizizi, hiyo ni fangasi, rudisha mezani, usiombe punguzo, na usiiweke kwenye begi moja na lenzi zako.

Sensa: weka f/16, elekeza ukuta mweupe au mbingu, piga, kuza picha uangalie madoa. Doa la vumbi linasafishika. Mkwaruzo hausafishiki, na kwa macho kwenye picha vinafanana sana, kwa hiyo ukiona doa kali lenye umbo la mstari ogopa.

Na hili la mwisho limewatoa wengi machozi. Bodi ndogo za Nikon, ukoo wa D3000 na D5000, hazina mota ya fokasi ndani. Mota inatakiwa iwe kwenye lenzi. Ile 50 ya f/1.8 iliyoandikwa D ni rahisi na ni nzuri lakini ukiifunga kwenye D3500 utazungusha fokasi kwa mkono mpaka uzeeke. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Herufi moja tu hiyo.

#14 Shatabovu

@Fundi_kimya heshima yako mkuu. Hii naiweka juu kabisa ya uzi.

#15 Mgeni_wa_lenzi

Wakuu nimerudi, mimi yule wa 108.

Sikuwaambia, kumbe ndani tuna kamera, D5300 ya kaka yangu ilikuwa kabatini na lenzi yake ya 18-55, niliidharau kwa sababu picha zake zilikuwa chenga tupu. Nikasema ngoja nifanye zoezi la mleta uzi. Nimechukua picha 50 mbovu kama ulivyosema. Zilizotikisika 27, karibu zote ziko chini ya 1/60 na karibu zote za ndani usiku. Fokasi imeshika kitu kingine 11, nilikuwa nimeiachia kamera ijichagulie yenyewe. Saba hazina kosa lolote la kamera, ni mimi tu nimekata miguu ya watu. Nne mbingu imeungua kwa mwanga, imebaki nyeupe tu. Moja nilisahau kifuniko cha lenzi, msicheke.

Kwa hiyo ya bodi hapo sijaona hata moja. Nimeacha kutafuta kamera, nikatafuta lenzi, nimepata 35 ya f/1.8 mtumba, AF-S nimehakikisha herufi, nimemulika na tochi, safi. Na usiku wa jana nimepiga sebuleni kwa 1/125 bila flashi, sikuamini.

Ila sasa limekuja jipya. Nimempiga binti yangu karibu karibu, jicho limetoka vizuri mpaka kope unazihesabu, pua imefifia na masikio hayapo kabisa. Hii nayo ni lenzi mbovu au?

#16 Shatabovu

@Mgeni_wa_lenzi hahahaha umenikumbusha mbali. Taarifa za picha?

#17 Mgeni_wa_lenzi

1/125, f/1.8, ISO 1600. Nilikuwa umbali kama wa mkono tu.

#18 Shatabovu

Haya. Kwa 35 kwenye f/1.8 ukiwa sentimita 60, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 2 mbele hadi nyuma. Uso wa mtu hauenei humo. Lenzi ni nzima. Rudi nyuma hadi mita moja hizo sentimita zinakuwa kama 6, au baki hapo hapo ufunge hadi f/4 ila shata itashuka utarudi kwenye 1/25, kwa hiyo itabidi uamue nani apandishe, ISO au wewe urudi hatua moja.

Mimi ningerudi hatua moja. Jaribu leo usiku na uweke hapa zote mbili.